Boti linakosa nguvu: mbona turbo njo inashitakiwa ya kwanza?

Hapa Tenke reli inagawanyika: moja inaenda Kolwezi na Dilolo, ingine inashuka Bukama, kule Lualaba inaanza kubeba maboti. Bandari hatuna, lakini moteri za mazutu zenye turbo tunazijua, sababu njo zinavuta malori ya shaba na kobalti kila siku. Ugonjwa wa lori ku mlima na wa boti ku mto ni mmoja.

Turbo inafanya kazi moja: moshi unaotoka mu moteri unazungusha gurudumu dogo, nalo linasukuma hewa mu silinda. Hewa ikipunguka, mazutu haiungui yote. Moshi unakuwa mweusi, nguvu inapotea. Hapo mwenye boti anakimbilia turbo ya okazio, anamaliza feza, na shida inabakia.

Fundi mzuri anaanza na mzigo. Kama moteri inapanda vizuri bila gia, lakini mu safari inashindwa kufika mwendo wake, aangalie kwanza uzito, tumbo la boti na helisi. Mu mafunjo ya ziwa Kisale, majani yanaweza kuzunguka helisi na kuikaba.

Kisha mazutu. Ile ya bidoni, ya ba kadafi, inaweza kuwa na maji ao uchafu, filtri inaziba. Kisha hewa: filtri ya vumbi, na mipira kati ya turbo na moteri. Mpira ukipasuka, mara nyingi unasikia mluzi.

Turbo ni ya mwisho. Moteri ikizimwa na kupoa, shika gurudumu lake: likigusa ukuta, turbo imeisha. Lakini uliza kwanza nini iliiua. Kama ni mafuta machafu ya moteri, ao kuzima gafula moteri ikingali na moto mwingi, turbo mpya nayo itakufa.

Kwa nini hii inatuhusu siye wasafiri? Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi lilizama karibu na Kituku, Goma, likitoka Minova. Watu wengi walikufa. Mashahidi walisema lilijaa kupita kiasi. Hatusemi moteri njo ilileta ile msiba. Tunasema mzigo wa kupita kiasi unakula akiba yote ya nguvu. Moteri iliyochoka inaweza kufikisha boti siku maji yametulia. Upepo ukiamka, nahodha hana kitu cha kuongeza.

Kwa hiyo kupungukiwa nguvu si habari ya fundi peke yake. Mwenye boti anayekubali kupakia nusu mpaka kasoro ipatikane anapoteza feza ya safari moja. Na msafiri akiona moshi mweusi ukiendelea tangu bandarini, na watu wangali wanapanda, ana haki ya kuuliza, ao kushuka.