MAJI NI YA BOMBA, LAKINI KATA JE?



Tangu bomba lifike hapa kijijini, wengi wameacha kuchemsha maji. "Ya bomba hayo, yana dawa." Sisi wa gazeti hili hatukubaliani nao, na tunaomba mkutano mkuu uliseme jambo hili kabla ya kugusa ziada ya msimu.

Bomba lenyewe halitoi maji kutwa kucha. Yakikatika, mabomba hubaki matupu, na penye ufa hufyonza maji ya tope yaliyo ardhini. Ndiyo sababu yakirudi huja na rangi ya chai, na mwenye haraka anakinga hayo hayo! Ya kwanza yamwagilieni mchicha. Hata yakitakata, bakteria haonekani kwa macho.

Ila ubaya mkubwa uko majumbani mwetu. Mtoto katoka chooni, hakunawa, kashika kata, kazamisha mtungini na vidole vyote. Klorini iliyotiwa kwenye tangi hupungua kadiri maji yanavyokaa, haiwezi kushindana na mkono huo kila siku. Kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo hupita njia hiyo. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na vyoo vikachimbwa. Haya, vyoo tunavyo. Sabuni iko wapi? Kibuyu chirizi ni dumu kuukuu, kamba na kijiti tu, hakuna wa kusema hana uwezo. Na kopo la chooni lisiingie jikoni, jamani. (Linaingia, tunajua.)

Bafuni, sugueni sakafu kwa sabuni kwanza, ndipo mtie dawa ya klorini. Ukiitia juu ya uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu.

Kina mama wanalalamika kuni, na ni haki yao. Lakini maji yakitokota sawasawa dakika 1 yanatosha huku kwetu, kisha yafunikwe yapoe humo humo. Asiye na kuni atie kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa, angoje nusu saa. Au ajaze maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ailaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2.

Sasa hiyo ziada. Kamati inataka kupaka ofisi rangi. Sisi tunasema ofisi ingoje! Zinunuliwe ndoo zenye mfuniko na koki, moja kila kaya ya mwanachama, nusu ya bei ikatwe kidogo kidogo kwenye mauzo ya msimu ujao. Mkono hauingii ndani ya ndoo ya koki, na hiyo ndiyo faida yake yote.

Chini ya karatasi hii kuna orodha. Anayeunga mkono aweke sahihi au dole gumba. Anayepinga naye aandike sababu, tutaibandika hapa hapa.