Boeing yarudishiwa muhuri: Nani hasa anaikagua ndege unayopanda?

Tangu Septemba 29, 2025, Boeing imerudishiwa sehemu ya madaraka iliyokuwa imenyang'anywa: kutoa yenyewe cheti kinachosema ndege iliyotoka kiwandani iko salama kuruka.

Uamuzi huo ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA), na kazi inafanyika kwa zamu. Wiki moja Boeing inazigongea muhuri ndege zake za 737 MAX na 787, wiki inayofuata wanagonga FAA wenyewe.

Unaweza kudhani hii ni habari ya Wamarekani. Lakini ndege iliyosababisha Boeing inyang'anywe muhuri ilikuwa inakuja Nairobi.

Ilikuwa Machi 10, 2019. Ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliruka kutoka Bole, Addis Ababa, kuelekea JKIA na kuanguka baada ya dakika 6 tu. Watu wote 157 walikufa. Kati yao 32 walikuwa Wakenya, wengi kuliko raia wa taifa lingine lolote.

Miezi isiyofika mitano kabla, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na kuua watu 189.

Kujisahihishia mtihani

Kwa miongo mingi sheria ya Marekani imeiruhusu FAA kukabidhi sehemu ya ukaguzi kwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza ndege. Mshahara wanalipwa na Boeing, ila kazi wanaifanya kwa niaba ya serikali.

Ni kama mwanafunzi kupewa kalamu nyekundu asahihishe mtihani wake mwenyewe. Sababu inayotolewa ni kwamba serikali haina wahandisi wa kutosha, na kiukweli sababu hiyo si ya uongo. Ndege ya kisasa ina mambo mengi mno kwa ofisi moja kuyapitia yote.

Yapo majaribio ambayo ni vigumu kuyachakachua. Bawa hukunjwa kwa mitambo hadi libebe mzigo mara moja na nusu ya ule mkubwa kabisa linaotarajiwa kukutana nao angani. Mwaka 1995, bawa la Boeing 777 lilivunjika lilipofika asilimia 154, mbele ya macho ya wahandisi.

Kuna na jaribio la kuwatoa watu. Ndege inajazwa, giza linawekwa, nusu ya milango inafungwa, na wote lazima wawe nje ndani ya sekunde 90. Mwaka 2006 Airbus A380 iliwatoa watu 873 kwa sekunde 78.

Shida ya 737 MAX haikuwa huko. Ilikuwa kwenye makaratasi.

Mfumo ambao marubani hawakuambiwa

Boeing ilikuwa imeweka kwenye MAX mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, wenye kazi ya kuishusha pua ya ndege ikinyanyuka kupita kiasi. Ndege ina vifaa viwili vya kupima pembe hiyo, kimoja kila upande. MCAS ulikuwa unasikiliza kimoja tu. Kikidanganya hicho kimoja, kompyuta inaisukuma ndege chini, na inarudia.

Mwanzoni mfumo ulipangwa usogeze bawa la mkiani kwa digrii 0.6 kila unapofanya kazi. Wakati wa majaribio ya angani kiwango hicho kikapandishwa hadi digrii 2.5, na mfumo ukaanza kufanya kazi hata kwenye mwendo mdogo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kitengo cha FAA kilichokuwa kinaamua marubani wafundishwe nini hakikuambiwa mabadiliko hayo. MCAS ukaachwa nje ya vitabu vya mafunzo vya marubani. Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kumaliza shauri hilo la kuidanganya FAA.

Kwa nini ufiche? Fuata pesa. Uchunguzi wa Bunge la Marekani uliotolewa Septemba 2020 ulionyesha kuwa Boeing iliiahidi Southwest Airlines punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo MAX ingelazimisha marubani kurudi kwenye simuleta. Hapo tayari kampuni ina sababu nzuri ya kutotaka mkaguzi aulize maswali mengi.

Kesi ya jinai nayo imeishia njiani. Novemba 2025 jaji wa Texas aliifuta kwa ombi la Wizara ya Sheria ya Marekani, huku akieleza kwamba haamini kama hilo lina maslahi kwa umma. Kwa familia za waliokufa, nyingi zikiwa zimepinga makubaliano hayo kwa miaka, hilo lilikuwa pigo.

Muhuri wa serikali nao ulipitiwa

Rahisi kusema, basi, kwamba dawa ni kuinyang'anya Boeing muhuri moja kwa moja. Lakini tazama kilichotokea Januari 5, 2024.

Ndege ya Alaska Airlines aina ya 737 MAX 9, ikiwa na watu 177, ilipofika takriban futi 15,000 ilichomokewa na kipande kinachoziba nafasi ya mlango. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta bolti 4 za kukishikilia kipande hicho hazikufungwa. Kiwandani kilikuwa kimefunguliwa ili kazi nyingine ifanyike, na hakuna karatasi iliyojazwa kuonyesha kilifunguliwa.

Sasa sikia hili: wakati huo Boeing haikuwa na muhuri. Tangu 2019, kila 737 MAX ilikuwa inapewa cheti cha kuruka na FAA wenyewe, na hiyo ya Alaska ikiwemo. Mkaguzi wa serikali hawezi kuona bolti isiyokuwepo nyuma ya ukuta uliokwisha kufunikwa, tena bila karatasi ya kumshtua.

Ndiyo maana hoja ya FAA ina uzito. Mamlaka hiyo inasema zamu hizi zitawaachia wakaguzi wake muda zaidi wa kuwa kiwandani kazi inapofanyika, badala ya kusubiri ndege ikamilike.

Ni mpango mzuri, kwa sharti moja: wakaguzi hao waonekane kweli kiwandani. Kama muda waliookoa utaishia kwenye mafaili ofisini, Boeing itakuwa imepata muhuri na abiria hajapata kitu.

Na ikishafika kwetu?

Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023. Nchi nyingi, zetu zikiwemo, hazijengi maabara za kupima upya kila aina ya ndege. Zinategemea zaidi kazi iliyokwisha kufanywa na mamlaka kubwa kama FAA au ile ya Ulaya.

Utegemezi huo ulitikisika 2019. Baada ya ajali ya Bishoftu, China ilizuia MAX zake Machi 11, Ulaya ikafuata Machi 12. Marekani, iliyotoa cheti, ilikuja Machi 13.

Lakini cheti cha kiwandani ni cha siku ya kwanza. Matengenezo, mafundi na marubani baada ya hapo ni jukumu la mamlaka ya nchi ndege iliposajiliwa, na hapa Tanzania ina kazi.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake. Juni 2025 yakaongezwa mashirika yote yaliyosajiliwa nchini. Sababu zilizotajwa ni pamoja na uhaba wa wataalamu wenye sifa na usimamizi dhaifu kwa upande wa mamlaka.

Zuio hilo halikubagua ndege mpya na kuukuu. MAX 9 yenye umri usiofika miaka miwili, iliyotoka kiwandani na cheti cha FAA, ilikumbwa nalo sawa na nyingine.