Kelele za Nyumbani na Masikio Yanayovuma

Wako watu ambao kila walalapo husikia mlio masikioni kama wa nyenje, na wenzao hawausikii. Watu hao hawakurogwa. Mara nyingi mlio huo hutokana na masikio yaliyodhuriwa na kelele, au uzee, au nta iliyoziba, au hata dawa kama kwinini. Nazo kelele za nyumbani huweza kuuzidisha na kuondoa usingizi.

Inafaa basi kuzitafuta kwa utaratibu. Usiku, kwanza toka nje, uende hata katikati ya kahawa. Mlio ukikufuata huko, umo sikioni. Ukikoma, umo nyumbani. Kisha rudi ukazime vitu kimoja kimoja: friji, redio, taa za mirija, chaja ya simu. Kila uzimapo kimoja, tulia usikilize, kiganja kikiwa ukutani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Friji ikitikisa ukuta, isogeze, na uweke vipande vya gurudumu kuukuu chini ya miguu yake. Bati lililolegea lipigiliwe misumari. Mvua zetu hapa Karurumo zipigapo mabati, dari hupunguza kishindo. Jenereta isikae chini ya dirisha.

Lakini adui mkubwa ni kelele kali. Wataalamu huonya kwamba sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huweza kudhuru masikio; na kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kipimo chepesi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili asikie mtu aliye hatua moja nawe, kelele hiyo ni ya hatari. Kwa hiyo asagaye posho au apukuchuaye mahindi kwa mashine na avae vifuniko vya masikio.

Wala usitafute kimya kabisa, kwani katika kimya mlio husikika zaidi. Redio ya sauti ndogo huweza kuleta usingizi.

Mwisho, usichokoe sikio kwa njiti ya kiberiti. Mlio ukiwa katika sikio moja tu, au ukipiga pamoja na moyo, mwone daktari. Na sikio likiacha kusikia ghafula, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Atakayengoja wiki nyingi huenda asisikie tena.