Usiache kukimbia, badili njia

Mazoezi ya kukimbia hushusha shinikizo la damu na husaidia kudhibiti sukari. Lakini ukikimbia kando ya Barabara ya Morogoro asubuhi, katikati ya moshi wa malori na daladala, unameza dawa pamoja na sumu. Anayekimbia huvuta hewa nyingi zaidi, tena kwa mdomo, hivyo moshi huingia ndani ya mapafu. Mzazi, mwanao mwenye pumu ndiye atakayeumia kwanza. Asitoke bila pampu yake.

Njia za waenda kwa miguu ni chache, na zilizopo zimejaa bodaboda na meza za biashara. Halmashauri zinapaswa kuzisafisha, nasi tuzidai. Kwa sasa, tumia mitaa ya ndani au kiwanja cha shule. Ukilazimika kupita barabarani, kaa upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja. Vaa nguo zinazong'aa na usizibe masikio kwa muziki.

Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi hospitali siku hiyohiyo upate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.