Mfugaji naye aingizwe katika mtandao wa watafiti

Msomaji, siku hizi watafiti wa magonjwa hawalazimiki kukaa chumba kimoja ili wafanye kazi pamoja. Aliyeko Nairobi na aliyeko Marekani huandika ripoti moja kwa kompyuta, hutazama ramani ileile na kujadiliana kwa video. Ni jambo jema. Lakini wewe unayeishi na mifugo hapa Kajiado, una nafasi gani katika mazungumzo hayo?

Tuchukue mfano wa homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza humu nchini, karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Maradhi haya huwashika kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Binadamu huambukizwa hasa kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Mvua ikizidi kiasi, maji hutuama mbugani na mayai ya mbu yaliyolala udongoni kwa miaka huanguliwa. Baadhi ya mbu hao huzaliwa wakiwa na virusi tayari.

Kwa kuwa mvua na majani mabichi huonekana kwa setilaiti, hatari hiyo yaweza kutabiriwa. Kati ya Septemba na Novemba 2006, wanasayansi wa NASA na washirika wao walitoa tahadhari kwamba Afrika Mashariki ilikuwa hatarini. Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa. Tahadhari ilisaidia wataalamu kufika upesi kuliko katika mlipuko wa 1997 na 1998. Hata hivyo, kufikia 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki nchini Kenya.

Baadaye watafiti waliwahoji wafugaji wa Kaskazini Mashariki. Wakagundua kwamba Wasomali wale walikuwa wameona mbu wengi, mifugo ikitupa mimba na damu ikitoka puani, kabla ya maafisa wa serikali kuchukua hatua. Hata jina la ugonjwa walikuwa nalo: sandik. Basi habari zilikuwepo angani na zilikuwepo bomani. Kilichokosekana ni njia ya kuziunganisha kwa wakati.

Wapo watakaosema kwamba mfugaji hakusomea udaktari, na kwamba ripoti zake zitawachanganya wataalamu. Mimi ni daktari, na kila siku kazi yangu huanza kwa maneno ya mgonjwa ambaye hakusomea udaktari. Namsikiliza kwanza, kisha maabara huthibitisha au hukanusha. Kwa nini utafiti uwe na utaratibu tofauti?

Wala tusisingizie umbali. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mzee wa Bisil au Isinya hupokea bei ya mbuzi wake kwa simu ya kawaida. Kama pesa humfikia, tahadhari pia yaweza kumfikia, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili. Na simu hiyohiyo yaweza kupeleka habari zake kwa wanaochora ramani.

Kwa hivyo nashauri hivi. Kila kikundi cha watafiti kinachochukua damu ya watu au ya mifugo katika kaunti hii kiwaingize afisa wa mifugo, muuguzi wa zahanati na mwakilishi wa wafugaji katika mikutano yake ya mtandaoni. Aidha, matokeo yarudi kijijini kabla hayajasahaulika. Serikali ya kaunti ina uwezo wa kulidai jambo hilo, na yafaa ilidai.

Nawe msomaji una wajibu wako. Wakija kukutoa damu, uliza inapelekwa wapi na majibu utayapata lini. Hiyo ni haki yako. Mvua kubwa ikinyesha na mifugo ianze kutupa mimba au ndama na wana-kondoo kufa kwa wingi, usichinje wala usiguse kilichotupwa kwa mikono mitupu. Mwite afisa wa mifugo mara moja. Maziwa yachemshwe, nyama iive sawasawa, hata ile ya kuchoma hapa Kitengela. Ukipata homa baada ya kushika mnyama mgonjwa, nenda hospitali upesi na umweleze daktari habari za mnyama huyo. Usingoje kuulizwa.