Bila Maji wala Mkate, Je, Imani Itasimama?

Tuseme kijana Mkatoliki wa Bukura amempata mchumba wa Kanisa la Marafiki. Wazazi wanauliza, "Amebatizwa?" Hajabatizwa kwa maji, wala kwao hakuna mkate na divai ya Meza ya Bwana. Je, si Mkristo?

Usiharakishe kuhukumu. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902 wakifundisha kwamba ubatizo ni wa Roho na ushirika ni wa moyoni. Jeshi la Wokovu nalo liliacha sakramenti mwaka 1883. Hadi leo vitukuu vya waumini wale wanasali. Basi imani yaweza kudumu bila ishara hizo.

Lakini Mkatoliki naye asidharauliwe kwa sakramenti zake saba. Binadamu ni msahaulifu, na ishara humkumbusha. Ila ishara isiyozaa matendo ni maji matupu.

Kwa hivyo, mzazi, uliza pia binti anaishije na watu. Nanyi vijana, mwoneni padri mapema: ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa huhitaji ruhusa ya askofu. Msingoje kubishana mlangoni siku ya harusi.