Ushungi na Nishani: Mwenye Kichwa Hakuulizwa

Tarehe 11 Agosti 2024, katika sherehe za kufunga Michezo ya Olimpiki ya Paris, wanawake watatu walipanda jukwaani kuvishwa nishani za mbio za marathoni. Wa tatu alikuwa wetu, Hellen Obiri. Wa pili alikuwa Tigst Assefa wa Ethiopia. Wa kwanza alikuwa Sifan Hassan, Mwislamu mzaliwa wa Ethiopia na raia wa Uholanzi, aliyemaliza kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 55, akimwacha Assefa kwa sekunde 3 tu.

Asubuhi Sifan alikimbia kichwa wazi. Jioni alikuja kupokea dhahabu yake akiwa amejitanda ushungi. Picha ile ilizungumzwa sana duniani, kwa kuwa wenye mji walikuwa wamewakataza wanariadha wao wenyewe vazi hilo hilo. Waziri wa michezo wa Ufaransa alikwisha kutangaza mwaka 2023 kwamba hakuna Mfaransa atakayeshindana amevaa ushungi. Sounkamba Sylla, mkimbiaji wa timu yao ya kupokezana vijiti, ilimbidi avae kofia ndipo apate kuhudhuria ufunguzi. Mgeni akaachiwa, mwenyeji akazuiwa.

Hoja ya Wafaransa ni kwamba dola yao haina dini, na mwenye kuvaa jezi ya taifa asionyeshe dini yake. Wengine huongeza kwamba wanamkomboa mwanamke. Lakini ni ukombozi gani huu ambao mkombolewa huambiwa achague baina ya kitambaa chake na mchezo wake?

Katika kandanda hoja ilikuwa nyingine: afya. Tangu mwaka 2007 watungaji wa sheria za mchezo huo waliukataa ushungi, ati waweza kumkaba mchezaji shingo. Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman, katika mechi za kutafuta nafasi ya Olimpiki ya London, na ushindi akapewa mwenyeji. Mwanamfalme Ali bin Al Hussein wa Jordan, aliyekuwa mmoja wa makamu wa rais wa FIFA, akalishika jambo hilo. Vikatengenezwa vitambaa vyenye kufunguka upesi vikivutwa, madaktari wakashauriwa, na mwaka 2014 ruhusa kamili ikatolewa. Tarehe 30 Julai 2023, Nouhaila Benzina wa Morocco akaingia uwanjani dhidi ya Korea Kusini akiwa wa kwanza kuvaa ushungi katika Kombe la Dunia la wakubwa. Morocco ilishinda 1-0, wala shingo ya Benzina haikukabwa.

Hadi hapa msomaji aweza kutabasamu, akasema, “Mwaona jinsi wanavyotuonea?” Lakini nyani haoni kundule.

Hebu tumkumbuke Hassiba Boulmerka wa Algeria. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini Tokyo mwaka 1991, kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona mwaka 1992. Alishutumiwa na watu wa dini yake mwenyewe kwa kukimbia miguu wazi, na wenye siasa kali wakatishia kumwua, hata ikambidi akafanyie mazoezi yake ng’ambo. Benzina alifunika, Boulmerka hakufunika, na kila mmoja alikuta watu waliojipa haki ya kumwamulia.

Na wale wasichana wa Iran? Wao walisimama baina ya sheria mbili. Ya kwao iliwalazimisha kuvaa, ya FIFA ikawakataza kuvaa, na zote mbili ziliandikwa bila ya wao kuulizwa. Mimi naona hapo ndipo palipo kiini cha usawa wa wanawake katika michezo. Urefu wa kitambaa si kipimo chake. Kipimo ni kama mwenye kichwa ana kauli juu ya kichwa chake.

Nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba stara ni jambo la hiari katika dini. Hilo lina wanazuoni wake. Nisemalo ni kwamba stara isigeuzwe kufuli la kumfungia mtoto wa kike nyumbani. Imam Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.) safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baadaye, alipokwisha kunenepa, Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba sasa wamelipana. Basi nani atusomeshe sisi kwamba mbio si za mwanamke?

Jambo hili ni la afya pia. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima aushughulishe mwili wake dakika zisizopungua 150 kwa juma, na hesabu zake za mwaka 2022 zaonyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 hawafikii kiasi hicho, ilhali wanaume ni 29. Sukari na presha, maradhi tunayoyajua majumbani mwetu, hukaribishwa na mwili usiotikiswa.

Kwa hivyo walimu wa michezo na viongozi wa vilabu vyetu vya Pwani, wekeni jezi ya mikono mirefu na ushungi wa michezo pamoja na jezi nyingine, asikose timu mtoto kwa sababu ya nguo. Nanyi wazazi, mkisha kumfundisha binti yenu dini yake, muulizeni yeye mwenyewe mchezo gani anaupenda, kisha mtafuteni saa na uwanja apate kuucheza.